Kifuu cha nazi kilivyonichagulia lenzi

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Bagamoyo. Siku nilipomwambia jirani kwamba Jumapili naenda kupiga ndege, aliniuliza manati nimenunua wapi. Tangu hapo nasema "kuwapiga picha", kwa kirefu, ili tusigombane na watu wa mazingira.

Ndege walinianza taratibu. Nilikwenda na maharusi kwenye mikoko kupiga picha za ukumbusho, nikamwona sululu anatembea kwenye tope. Mdomo wake mrefu umepinda kwenda chini, na ukiutazama huhitaji kuuliza kwa nini ana jina moja na kile chombo cha kuchimbia. Nikamlenga kwa lenzi yangu ndefu, 55-250mm (namba ikikua, lenzi inavuta mbali zaidi), ile nyepesi ya bei nafuu. Nyumbani nikaikuza picha: doa la kahawia. Ukimwonyesha mtu, lazima umwekee kidole juu ya kioo.

Kosa la kwanza nililifanya kwa haraka. Fundi mmoja Dar alikuwa na lenzi ya vioo vinavyoakisi, 500mm f/8, kafupi kama kopo la maziwa, kwa laki moja na nusu. Milimita 500 kwa laki na nusu! Sikuuliza zaidi. Kumbe f/8 ile, yaani upana wa tundu la kuingizia mwanga, haifunguki wala haifungiki, fokasi unazungusha kwa mkono, na kila mmeto wa maji nyuma ya ndege unageuka kuwa bangili. Kwa kuwa hapa kwetu nyuma ya ndege karibu kila mara kuna maji yanayometa, picha zangu zote zilijaa bangili kama duka la sonara. Nikaiuza kwa hasara, na sitaji hasara kiasi gani.

Hapo ndipo nilipoamua kupima kabla ya kununua. Nilichukua kifuu cha nazi chenye upana wa sentimita 12, nikakiweka juu ya mti wa kufungia ngalawa ufukweni, nikahesabu hatua 25, kama mita 20 hivi, nikakipiga kwa 250mm. Kamera yangu ni Canon 600D ya mwaka 2011, na picha yake nzima ina upana wa pikseli 5184, vile vidoa vidogo vinavyoijenga picha. Kifuu kilichukua pikseli 350 tu. Ukubwa wa kitu kwenye picha hukua sawasawa na urefu wa lenzi, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa hesabu ya shule ya msingi: 400mm ingenipa pikseli 560, 600mm ingenipa 840. Sasa nilikuwa na namba badala ya maneno ya wauzaji.

Kwa namba hizo 600 inashinda, na sikatai. Rafiki yangu wa Dar akaniazima Sigma yake, 150-600mm ile nyepesi kati ya mbili walizotengenezea kamera kama yangu. Nyepesi kwa maneno, maana inakaribia kilo mbili. Nilikwenda nayo siku mbili.

Siku ya kwanza nilikaa na tripodi pembeni ya mashamba ya chumvi ya Nunge. Nilipata yangeyange ambaye unaweza kuhesabu manyoya yake ya kifuani. Kama kazi yangu ingekuwa kukaa mahali pamoja, habari ingeishia hapo. Siku ya pili nikapanda mtumbwi wa mzee mmoja ninayemwita Babu, tukaingia kwenye mkondo wa mikokoni. Mtumbwini tripodi haina mahali pa kusimama, na hata ukiisimamisha inayumba pamoja na chombo. Nikashika kwa mikono. Baada ya nusu saa mabega yalikuwa yanatetemeka kuliko mtumbwi wenyewe. Lenzi ina kituliza mtikisiko, lakini kituliza hicho hutuliza mkono wako, hakimtulizi ndege anayeruka. Sululu watatu waliinuka mbele yetu na nikawakosa wote, kwa kuwa nilikuwa nimeilaza lenzi mapajani nikipumzika.

"Mjukuu wangu," Babu akasema, "huo mzinga ungekuja na mtu wa kuubeba."

Basi nikaanza kutafuta kitu ninachoweza kukinyanyua mara mia kwa asubuhi moja. Nilitazama Sigma ya 100-400mm, kilo moja na kidogo, ina kituliza na ni nzuri, lakini zilizotumika zilikuwa hazipatikani kirahisi. Kuna walionishauri nibaki na yangu ya 250mm na kununua kizidishi cha 1.4, kipande kinachowekwa kati ya kamera na lenzi ili ivute mara 1.4. Hesabu haikubali: kizidishi kinakula mwanga, f/5.6 inakuwa f/8, na fokasi ya kamera kama yangu imetengenezwa kufanya kazi mpaka f/5.6.

Mwisho nikaangukia Canon 400mm f/5.6, lenzi ya zamani iliyotoka mwaka 1993. Haina zumu, haina kituliza. Ina gramu 1250, na fokasi yake inadaka ndege akiwa hewani kabla hujamaliza kusema bismillahi. Iliyotumika niliipata kwa milioni moja na laki tatu, fedha ya harusi za miezi minne.

Safari hii sikununua kwa haraka. Nilikwenda na tochi, nikaimulika lenzi kutoka nyuma huku nikichungulia mbele, nikitafuta nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu ndiyo ugonjwa wa kwanza wa kuogopa. Vumbi kidogo ndani halina neno. Nikabandika gazeti ukutani, nikalipiga kwa f/5.6 na kutazama kama maandishi ya pembeni yanasomeka. Nikaipiga tena nikilenga mbali, karibu, mbali, karibu, nikisikiliza kama fokasi inakwaruza. Muuzaji alinuna. Mwache anune.

Kukosa kituliza nilikuwa nakuogopa, ila kumenisumbua kidogo kuliko nilivyodhani. Kihisi cha kamera yangu, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ni kidogo, kwa hiyo 400mm inatazama kama 640mm ya kamera za kihisi kikubwa. Maana yake kasi ya kupiga picha isishuke chini ya 1/640 ya sekunde, la sivyo mtikisiko wa mkono unaonekana. Kwa ndege arukaye nahitaji 1/1600 hata hivyo, na kasi hiyo mkono wenyewe unasahaulika. Tabu inakuja alfajiri, mwanga ukiwa haba: napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 1600 na picha inaingia chenga.

Kilichonipa pikseli ambazo 600 ingenipa ni maji. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya bahari, hapa kwetu maji hujaa kama saa kumi jioni. Yakipanda yanameza tope, na ndege waliokuwa wametapakaa mbali wanasogezwa kwenye ukingo mmoja mwembamba. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo saa hizo jua liko mgongoni mwako na linawaangukia wao. Nakaa chini mapema, nimeivika lenzi kitenge kwa sababu ni nyeupe, nangoja bahari iniletee. Mchana wa jua kali kwenye mashamba ya chumvi siendi tena, maana joto linafanya hewa icheze na hakuna lenzi inayopenya mvuke ule, ya bei yoyote.

Nyumbani inalala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu ninavyookota kwenye maboksi ya viatu vya wateja.

Mdiria wa mikoko, yule mwenye mdomo mwekundu na mgongo wa buluu, nimemfuata mwaka mzima. Wiki iliyopita Babu alikuwa amechomeka upondo kwenye tope ili tupumzike, mdiria akaja akatua juu yake, mita mbili kutoka puani kwangu. Lenzi hii hailengi kitu kilicho karibu zaidi ya mita tatu na nusu. Nikabonyeza, ikanguruma kwenda na kurudi, ukungu mtupu. Nikaanza kujisogeza nyuma, polepole, mpaka mgongo ukagota kwenye ncha ya mtumbwi.

"Ukitaka kuogelea," Babu akanong'ona, "kwanza niachie hiyo kamera."