Ndara chini ya kichwa

Nauza chai na mandazi karibu na diko la Malindi, wanaposhukia wavuvi, hapa Unguja. Alfajiri moja nilimkuta kijana wa miaka 15 amelala chini ya turubai, ndara kaziweka chini ya kichwa. Nikampa boflo na chai. Wiki nzima akawa anakuja, ananichotea maji, hasemi lake.

Nikamchukua nyumbani, nikamtandikia kitanda. Usiku nikamkuta kalala sakafuni, mlangoni, ndara zile zile chini ya kichwa. Siku ya nne hayupo. Hakuchukua hata sindano. Nililia sana. Nilimlisha, nilimvisha, lakini kumuuliza anataka kukaa na nani, sikumuuliza.

Alipotokea tena dikoni nilikwenda naye kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, jambo ambalo ilinipasa nilifanye tangu mwanzo, maana kumuweka mtoto wa mtu kimya kimya ni hatari kwake na kwako. Sheha akatuelekeza kwa afisa wa ustawi wa jamii. Niya yangu niombe nimlee mimi. Afisa akanifahamisha kuwa kafala imo katika Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011: unamlea kama wako, naye anabaki na jina la baba yake. Ila kwanza, akasema, tutafute jamaa.

Akamgeukia kijana. Nilidhani atamuuliza kwa nini alikimbia. Akamuuliza: "Mwanangu, nyumba gani uliwahi kulala ukapitiwa na usingizi mpaka asubuhi?"

Kijana akakaa akikwaruza meza kwa ukucha, muda mrefu. "Kwa shangazi. Wawi."

Kumbe ametoka Pemba, amekimbia kipigo cha baba wa kambo. Shangazi alipopigiwa simu alilia, siku zote alidhani kijana yuko kwa mamake. Ilichukua miezi miwili. Afisa wa Pemba akaenda kuiona nyumba. Mume wa shangazi alisita, ana watoto wanne na kazi yake ni ya kibarua, simlaumu. Tukakubaliana kila mwezi nitume cha unga, na mpaka leo natuma.

Nilimpeleka mwenyewe, boti mpaka Mkoani, kisha gari ya Chake. Skuli alikuwa ameachia darasa la sita, na kukaa na watoto wadogo hakutaka kabisa. Hapo tulihangaika, mpaka akapatiwa nafasi ya useremala kwenye kituo cha mafunzo ya amali, Vitongoji, si mbali na Wawi.

Mwezi uliopita shangazi kanipigia usiku: kijana kagombana na mume wake, katoka na mkoba. Sikulala. Asubuhi nikaambiwa alilala kwa jirani, nyumba ya tatu. Saa moja kasorobo alirudi, kamuamkia yule mume wa shangazi, kachukua futi yake ya kupimia, kaenda Vitongoji.