Siku Moja Maishani Mwangu: Kuongoza Msafara wa Baiskeli Pwani

Saa 11 alfajiri. Wageni wangu wamelala, mimi niko nje na pampu na tochi ya kichwani. Nazungusha kila gurudumu na kusikiliza. Pwani, ugonjwa huanzia kwenye mnyororo: chumvi ikiingia, kesho yake unakuta wekundu wa kutu na pingili moja inayogoma kukunjika kila ipitapo kwenye gia ya nyuma. Leo ipo moja. Naitia tone la mafuta, naikunja huku na huku kwa vidole mpaka inalegea.

Saa 12 tunaondoka, na saa hiyo haina mjadala. Watu hupanga safari kwa kilomita. Mimi huipanga kwa upepo na maji. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, kwa hiyo asubuhi upepo huwa hafifu au hutoka bara. Kilomita za siku huliwa hapo.

Saa 2 maji yamekupwa. Tunapunguza upepo kidogo kwenye tairi na kushuka ufuoni, tukifuata ukanda uliolowa, maana mchanga mkavu wa juu humeza gurudumu. Tunasimama ovyo, kila mtu na kidimbwi chake mwambani, kaa wanakimbia. Siwahimizi, ila jicho langu haliachi maji.

Saa 4 na nusu tuko barabarani tena na upepo umegeuka. Jua limepasha nchi kavu, hewa yake inapanda, ya baharini inakuja kushika nafasi. Barabara nayo inakata kuelekea rasini, basi tunapigwa usoni. Ukienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa 20, hewa inakukinza mara 4 kuliko siku tulivu. Tunajipanga gurudumu nyuma ya gurudumu. Wa mbele akichoka anarudi mkiani. Soga zote zimekatika.

Ndiyo maana kituo kirefu nimekiweka kwenye mnara wa taa, kuanzia saa 5 na nusu. Ngazi zake baada ya baiskeli ni adhabu, nakiri, lakini ukiwa mita 30 hivi juu ya bahari unaona karibu kilomita 20 mpaka upeo. Mmoja anauliza taa ndogo vile inafikaje mbali. Namwonyesha pete za kioo zilizoizunguka: Mfaransa Augustin Fresnel, badala ya lenzi moja nene, alipanga pete nyingi, kila moja ikiupinda mwanga uelekee upande mmoja. Yake ya kwanza mnarani iliwashwa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823. Kisha wanalala kivulini, jua kali likipita bila sisi.

Saa 9 tunatoka rasini, upepo uleule sasa uko mgongoni. Watu wanaimba.

Saa 11 jioni tumefika. Baiskeli zinaoshwa kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu, kwani ya presha husukuma chumvi hadi ndani ya beringi. Halafu kitambaa, halafu mafuta.

Wakati wa chakula nawaambia kesho maji yatakupwa kama dakika 50 baadaye kuliko leo. Wanashangilia, wakidhani watalala zaidi. Upepo hausogei na maji, nawajibu. Tunaondoka saa 12 ileile, na tutaanza na kilima.