Barnehage ilivyonipeleka bustanini: nilivyojifunza mkazo wa Kinorwei

Mwaka wa kwanza Oslo maneno nilikuwa nayajua mengi tu, ila nikifungua mdomo watu wananikodolea macho. Siku moja namuuliza jirani iko wapi barnehage, yaani chekechea, nikaitamka barneHAge, mkazo silabi ya pili toka mwisho kama tunavyosema mwanaJEshi, mama wa watu akanipeleka mpaka nyuma ya jengo kunionyesha bustani, maana hage ni bustani na ndo kitu pekee alichosikia. Kumbe barnehage ni maneno mawili yaliyounganishwa, na wao nguvu inakaa kwenye lile la kwanza, BARnehage, hage inabaki na kamkazo kadogo tu.

Nikadhani dawa ni kwenda taratibu, nikawa nakandamiza kila kipande sawasawa, ikawa mbaya zaidi. Ule mkazo mkuu mmoja ndo gundi yenyewe aisee, ukipiga miwili inayolingana wanasikia maneno mawili. Lammelår ni paja la mwanakondoo, lamme lår ni mapaja yaliyopooza, sasa hebu fikiria uko buchani.

Kilichonitoa ni kutafuta mshono kwanza. Chukua oppholdstillatelse, kibali cha kuishi, hili wahamiaji tunalijua vizuri jamani. Ile s ya katikati mara nyingi ndo imeshikilia vipande viwili, opphold na tillatelse. Naanza na cha nyuma peke yake, TILlatelse, TILlatelse, hadi ulimi ukubali, halafu nabandika OPPholds mbele kwa nguvu na cha nyuma nakilegeza. Nilikuwa napiga kiatu chini kwenye silabi ya kwanza, hata kituo cha basi, wanaoshangaa washangae.

Tatizo lingine ni hizi silabi zetu za kuishia na irabu, nilikuwa nasema sikehusi badala ya SYkehus, hospitali. Na penye mkazo lazima uvute irabu au ushikilie konsonanti inayofuata, tak ni paa, takk ni asante, mimi miezi kibao nilikuwa nawashukuru watu kwa paa.

Cha ajabu stasjon, yaani stesheni, ikiwa peke yake inakazwa mwishoni, staSJON, ukiweka tog, treni, mbele nguvu inahama, TOGstasjon. Nikaona nimeshaiva, nikaenda kukata tiketi ya mji wa KRIStiansand kwa kujiamini kabisa, yule dada akatabasamu akanirudishia taratibu: KristianSAND.