Siku moja ya kampeni: koleo asubuhi, baraza usiku

Saa 11:00 alfajiri. Kabla sijawasha taa nategea sikio paa. Ni mazoea ya miaka kumi na minne, tangu nianze kujitolea katika kata yetu, maana mvua ikinyesha usiku mtaro wa nyuma ya shule ya msingi lazima uzibe. Usiku wa leo imenyesha. Kwenye simu kuna jumbe 17 za kampeni na mmoja wa jirani: "Dada, maji yameshafika kizingitini." Huo ndio ninaoujibu kwanza.

Saa 12:00 asubuhi. Mabuti, glavu, koleo. Mdomo wa mtaro una wavu wa nondo, na kati ya nondo na nondo vidole vitatu vinapita. Majani na mifuko ya plastiki vimejipanga pale kama mkeka. Huanzii katikati. Ukitoboa katikati, maji yanavuta uchafu wote na kuubana upya, na mkono wako unaweza kunaswa humo humo. Unaanza pembeni, unakokota kidogo kidogo kuelekea ukingoni, hadi usikie maji yamebadilisha sauti. Leo imechukua dakika arobaini.

Tatizo lenyewe, hata hivyo, haliko kwenye wavu. Bomba lililo chini ya barabara lililazwa zamani, wakati upande wa juu bado ni nyasi na udongo unaonyonya maji. Siku hizi huko juu ni lami na sakafu tupu, kwa hiyo mvua yote inashuka kwa mkupuo. Wekeni bomba lenye kipenyo mara mbili, nafasi ya kupitisha maji inakuwa mara nne. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi, lakini bomba linahitaji fungu kwenye bajeti, na fungu halichimbwi kwa koleo. Ndiyo sababu nikachukua fomu ya udiwani.

Saa 1:15 asubuhi. Kivukoni, mbele ya shule. Navaa kizibao cha njano kinachong'aa na kuvua beji ya kampeni. Baba mmoja aliyemshika mwanawe mkono ananiuliza, "Mbona umeivua? Wazazi wote wanapita hapa." Namwambia hapa nawavusha watoto, kura nitaziomba jioni. Nalishika hilo kwa dhati. Mtoto akisubiri ishara ya mkono wangu, asisubirishwe na jambo lingine lolote.

Magari ni ya kasi mno hapa. Mwaka 2020, katika Azimio la Stockholm la usalama barabarani, nchi zilikubaliana kwamba pale watu na magari yanapochanganyika mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Jiji la Oslo, Norway, lilipunguza mwendo na kuondoa maegesho mengi katikati ya mji, na mwaka 2019 hakuna mtembea kwa miguu wala mwendesha baiskeli hata mmoja aliyeuawa huko. Mambo hayo yaliamuliwa mezani, na watu waliochaguliwa. Nikisimama kivukoni nikiwa nimenyanyua mkono, nalikumbuka hilo kila gari linapochelewa kufunga breki.

Saa 2:30 hadi saa 10:00 niko kazini. Simu ya kampeni naizima. Mshahara ninaolipwa si wa kutafutia kura.

Isipokuwa saa 7:00 mchana, wakati wa mapumziko, mweka hazina wetu alipiga. Mkandarasi mmoja ametuma mchango mkubwa kuliko yote tuliyopata. Mweka hazina alikuwa na furaha, na vipeperushi vimetuishia kweli. Nikamwomba aurudishe leo leo na aandike stakabadhi ya kuurudisha. Baraza ndilo linalotoa zabuni za mitaro. Siwezi kulipigania bomba kubwa huku anayetaka kulichimba ndiye aliyenichapishia karatasi.

Saa 10:30 jioni. Nyumba kwa nyumba. Vijana wangu walitaka tupige simu tu ili tuwafikie wengi. Niliwaeleza jaribio la watafiti wa siasa Alan Gerber na Donald Green, la mwaka 1998 kule New Haven, Marekani, lililohusisha wapiga kura wapatao 30,000: kubisha hodi kuliongeza waliojitokeza kupiga kura, simu hazikusaidia. Basi tunatembea.

Nyumba ya tisa alifungua mzee ninayemfahamu kwa sura. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akaiangalia beji yangu kwa muda. "Binti, wewe nilikuwa nakuheshimu. Siasa imemeza watu wema wengi." Sikuwa na jibu la haraka, na nisingependa kuwa nalo. Nikatoa daftari langu la mtaro: kila tarehe niliyozibua, maji yalifika wapi, nyumba zipi ziliingiwa. Akalipekua taratibu, akilamba kidole kila ukurasa. Akanirudishia bila neno. Kura hakuniahidi.

Saa 1:00 usiku. Kikao cha baraza kuhusu makadirio ya bajeti. Mkazi anapewa dakika tatu, nami nimejiandikisha kama mkazi. Nilisema jambo moja. Kuzibua mtaro kunalipiwa na fungu la matumizi ya kawaida, na ni rahisi, kwa hiyo hupita kila mwaka. Kubadilisha bomba ni fungu la maendeleo, nalo huahirishwa kila mwaka. Tukijumlisha, tunalipia uchafu ule ule bila kikomo. Nikaomba wakazi wakae na kupanga vipaumbele vya kata yao, kama Porto Alegre ya Brazili ilivyoanza kufanya mwaka 1989. Kengele ikalia. Mwenyekiti akashukuru, suala likasogezwa kikao kijacho. Iliniuma. Maji hayasubiri kikao kijacho.

Saa 3:20 usiku. Nikitoka, nikamkuta yule mzee kwenye benchi la nje ya ukumbi. Alikuwa amekaa ndani muda wote, safu ya nyuma, sikumwona.

"Lile daftari lako," akasema, "linaanzia katikati."

Sikumwelewa.

"Kabla yako nilikuwa nazibua mimi. Na mke wangu. Kuna tarehe hazimo."

Nikampa daftari na kalamu. Akasogea chini ya taa, akafungua ukurasa wa mwisho uliokuwa mweupe, akaanza kuandika.