Kina cha "nti"

Jioni hii nimeketi Raskazone, hapa Tanga, nikiitazama bahari ileile iliyonilea Mombasa, na kwa mara ya tatu wiki hii nimeufuta ubeti mmoja. Tatizo ni neno dogo. Kwetu, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, nchi huitwa "nti", nayo hukaa vizuri kwenye kina pamoja na "kiti" na "mti". Nikiandika "nchi", kina kinavunjika, na nikiandika "nti", jirani yangu huniuliza, kwa upole wa watu wa Tanga, kama nimekosea tahajia.

Niliondoka kwetu kwa ajili ya maneno niliyoyasema hadharani (habari ndefu, niiache). Humkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, akatunga mashairi gerezani na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, kisha alipoachiliwa akahamia Tanzania. Hata katika dhiki ile hakuviacha vina wala Kimvita chake.

Marafiki hunishauri nitunge mashairi huru, wakidai kwamba vina na mizani ni minyororo. Hoja yao naielewa, na wapo wanaoyatunga vizuri sana, lakini kwangu mimi mizani 8 za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 za utao, nusu ya pili, ndicho chumba pekee cha nyumba yetu nilichovuka nacho mpaka wa Horohoro bila kuulizwa na mtu.

Ubeti nimeuandika upya. Nimeweka "nti".