Kompyuta ya kizamani imerudisha sauti
Ile kompyuta ya Pentium 4 ya dukani kwetu hapa Moshi ilikuwa bubu, sauti ya kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) imekufa kabisa, basi nikapata saundikadi (kadi ya sauti) ya kuchomeka kwenye sloti ya PCI ndani ya kompyuta, Sound Blaster Live!, aina iliyotoka 1998 huko lakini kwa masikio yangu inapiga mziki mtamu kuliko hivi vikadi vya USB vya bei chee. Kuichomeka si kazi, chomoa umeme, gusa chuma cha kesi, funga skrubu. Kasheshe ni draiva, ile programu ya kuifanya Windows iitumie kadi! Windows XP ikang'ang'ania alama ya njano ya hitilafu, mpaka nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) nikazima sauti ya mazabodi, halafu nikahamisha kadi sloti nyingine maana ilikuwa inagombania IRQ (laini ya kuiita prosesa) na kadi ya netiweki, ndo ikatulia. Spika kwa kawaida tundu la kijani, pinki ni maiki. Bado kimya? Cheki myuti (kitufe cha kunyamazisha sauti) kwanza jamani, kabla hujamlipa fundi.