São Luís, mji wa vigae na ngoma za moto

Leo nimezunguka mji mkongwe wa São Luís hadi miguu ikagoma. Mji uko kisiwani, kaskazini mashariki mwa Brazili, jimbo la Maranhão. Joto lake mtu wa pwani analijua: shati limeshaganda mgongoni na asubuhi bado mbichi.

Kisiwa hiki kiligombewa kweli. Wafaransa walijenga ngome hapa mwaka 1612, wakaipa jina la mfalme wao Louis. Wareno wakawatimua mwaka 1615. Waholanzi nao wakaja 1641, wakafukuzwa 1644. Jina la mfalme wa Kifaransa limebaki, majumba ni ya Kireno.

Na majumba yenyewe! Rua Portugal imevaa vigae kuanzia chini hadi kwenye roshani, buluu na nyeupe, vingine njano. Vililetwa kwa meli kutoka Ureno katika karne ya 19, na havikuwa urembo tu. Hukinga ukuta na mvua na kupunguza joto ndani. Nimesimama muda mrefu mbele ya jumba moja ambalo vigae vimebanduka upande mzima. Chini yake ni mawe na chokaa, alama za mraba bado zinaonekana kila kigae kilipokaa, na mti umeota dirishani, mizizi imeshika fremu. Majumba yaliyopakwa rangi mpya kwa ajili ya watalii hayakunishika vile.

Fedha ya kujengea ilitoka kwenye pamba na mpunga, na pamba na mpunga vililimwa na watumwa. Kampuni ya biashara ya Wareno iliyoanzishwa mwaka 1755 iliwaleta watu kwa maelfu, wengi kutoka Bissau na Cacheu, Afrika Magharibi. Utumwa Brazili ulikoma mwaka 1888 tu. Vibao vya mitaani vinataja sana wafanyabiashara.

Mchana nimekula wali wa cuxá: majani machachu ya choya, ufuta, kamba wakavu na unga wa muhogo, pembeni samaki wa kukaanga. Nimeongeza sahani. Soda yao ya waridi, Guaraná Jesus, sitaongeza. Ni tamu mno.

Giza lilipoingia nikafuata moshi. Kwenye kiwanja kidogo wanaume walikuwa wamewasha moto wa maboksi na vipande vya mbao, ngoma tatu zimeegeshwa, ngozi zikitazama ndimi za moto. Mzee mmoja aligonga ngozi kwa kidole, akasikiliza, akairudisha. Akagonga tena. Hakuna aliyemharakisha. Kwetu Tanga nako ngoma huota moto kabla ya kupigwa, kwa hiyo nilijua kungoja ni sehemu ya shughuli, nikakaa kwenye ngazi.

Hii ndiyo tambor de crioula, ngoma ya Mtakatifu Benedito, mtakatifu mweusi. Ile ngoma kubwa mpigaji huifunga kiunoni akasimama nayo katikati ya miguu. Mwenzake huchutama nyuma na kugonga ubavu wake kwa vijiti viwili. Wanawake, sketi pana za maua na vilemba, huzunguka wakiimba. Mmoja huingia kati, huicheza ngoma kubwa uso kwa uso, kisha humkabili mwenzake na kumgusa tumbo kwa tumbo. Hiyo ni punga. Aliyeguswa anaingia, mguso unatua sawasawa na pigo la ngoma kubwa. Bibi mmoja, umri wake sithubutu kukisia, aliguswa akaingia taratibu, halafu akazungusha sketi mpaka sisi wa mbele tukarudi nyuma.

Ulimi uliniwasha niseme hizi ni zetu. Nikajizuia. Waliotolewa Msumbiji, majirani zetu, wengi waliteremshwa Rio de Janeiro, mbali sana na hapa. Kufanana kwa moto na ngozi hakunipi cheti cha undugu. Ngoma ni ya Maranhão, wameitunza wao, tena kwa miaka ambayo polisi waliwasumbua kwa kuipiga.

Kwa kuwa ni Juni, uwanja wa pili ulikuwa na bumba-meu-boi, igizo la ngoma kuhusu dume la ng'ombe. Catirina ana mimba, anatamani ulimi wa ng'ombe, mumewe Francisco anamchinja dume kipenzi cha bwana shamba, kasheshe, mwishowe dume linafufuka. Dume ni la mahameri nyeusi iliyotariziwa shanga na vimetameta, na ndani yake kuna kijana anayetoka jasho. Jukwaani, chini ya taa kali, hadithi ilikatwakatwa ili kila kikundi kipate zamu, hata sikuona dume likifa. Nyuma ya jukwaa ndiko kulikonoga: watu wamejiletea vibao vyao vya mbao, wanavigonganisha bila kualikwa, na matari makubwa yanapashwa motoni.

Nimeondoka bado wanapiga. Kesho navuka kwenda Alcântara, mji wa ng'ambo, na mashua hapa hufuata maji; kujaa na kupwa kwake ni mita kadhaa, ukichelewa unaachwa. Nimeambiwa nifike gatini mapema.